Vipindi 120, Walimu Wanne

Mwaka wa masomo unapofunguliwa nchini Kenya, mwalimu wa sekondari msingi huanza na hesabu isiyokubali kulingana

Hesabu yenyewe haitaki kikokotoo. Sekondari msingi, ambayo wazazi na wanafunzi wameizoea kwa jina la JSS, ina gredi tatu: ya 7, ya 8 na ya 9. Kila gredi ina vipindi 40 kwa wiki. Shule yenye mkondo mmoja, yaani darasa moja kwa kila gredi, inadaiwa vipindi 120 kati ya Jumatatu asubuhi na Ijumaa jioni. Ikiwa na walimu wanne, na shule za namna hiyo si haba mashambani, kila mwalimu anaangukiwa na vipindi 30. Siku ina vipindi vinane. Yeye atasimama mbele ya darasa katika sita, siku zote tano, na muhula mzima asiugue, asifiwe, wala asiitwe semina.

Hapo hata masomo hatujayagusa. Masomo ni tisa: Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, Sayansi Jumuishi, Masomo ya Jamii, Elimu ya Dini, Kilimo na Lishe, Stadi za Awali za Ufundi, pamoja na Sanaa Bunifu na Spoti. Mwalimu mwenye shahada ya ualimu kwa kawaida husomea masomo mawili ya kufundishia. Wanne hao, hata wakijaliwa bahati ya mtende na kila mmoja akawa na masomo yasiyogongana na ya mwenzake, watafikisha manane. La tisa halina mwenyewe. Na bahati hiyo ni adimu. Shule inaweza kujikuta na wawili waliosomea Kiswahili na Dini, mmoja wa Kiingereza na Fasihi, na mmoja tu wa sayansi, tena wa Bayolojia na Kemia. Huyo wa mwisho atapewa na Hisabati pia, kwa sababu hakuna mwingine aliye tayari kuitazama usoni.

Hesabu hizi zote hukutana kwenye ratiba. Wiki ya kwanza ya Januari, mwalimu aliyekabidhiwa kazi ya kuipanga hukaa na karatasi kubwa ya manila, rula, penseli na kifutio. Kalamu ya wino haiigusi karatasi hiyo kwa siku kadhaa. Akishachora miraba, huweka Hisabati na Sayansi asubuhi, kwa kuwa Januari ni msimu wa kaskazi, na katika shule za Pwani ikifika saa nane mchana bati la paa huwa limekwisha kuwapokonya watoto nusu ya akili zao. Hufuata Kilimo na Sanaa, masomo yanayotaka vipindi viwili vilivyoshikana ili darasa lipate muda wa kutoka nje, kufanya kazi na kunawa mikono.

Anapofika Elimu ya Dini ndipo penseli inaposimama. Katika kaunti kama Kwale, Kilifi au Tana River, darasa moja lina Waislamu na Wakristo. Saa ya Dini ikigonga, darasa hugawika, na kila upande unadai mwalimu wake. Mraba mmoja, walimu wawili. Vipindi vinne vya Dini kwa gredi tatu ni 12. Basi 120 imekuwa 132, na mzigo wa kila mwalimu umepanda hadi 33. Pasipokuwa na aliyesomea Dini ya Kiislamu, wazazi watachangishana wamlipe ustadhi wa mtaani kitu kidogo, au watoto watapelekwa chini ya mwembe na kitabu wajisomee.

Ratiba hiyo inasema ukweli zaidi kuhusu mageuzi ya elimu nchini Kenya kuliko hotuba yoyote ya jukwaani. Inaonyesha nani anafundisha nini, kwa ujuzi upi, na ni somo gani limeachwa lijiendee. Huandikwa kila Januari, hubandikwa ukutani, na nje ya shule ni nadra mtu kuisoma.

Walimu waliruka ua, maabara ikabaki

Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 haukuwa na ngazi ya kati. Mtoto alimaliza miaka minane ya msingi, akafanya mtihani wa taifa wa KCPE, akaingia kidato cha kwanza. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchi nzima mwaka 2019 kwa madarasa ya chini, ulileta muundo wa 2-6-3-3-3: miaka miwili ya chekechea, sita ya msingi, mitatu ya sekondari msingi, mitatu ya sekondari ya juu na mitatu ya chuo. Ile mitatu ya katikati ndiyo iliyozua swali: watoto hawa wakae wapi?

Mpango wa awali ulikuwa wakae katika shule za sekondari. Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, alizunguka nchi akikagua madarasa yaliyokuwa yakijengwa kwa ajili yao katika viwanja vya sekondari. Desemba 2022 mambo yaligeuka. Serikali mpya ya Rais William Ruto, ikifuata ushauri wa jopo lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, iliamua wabaki katika shule za msingi. Gredi 7 ya kwanza kabisa ilifungua masomo Januari 30, 2023, siku sita baada ya Magoha kufariki dunia.

Sababu za uamuzi huo zilikuwa na mashiko. Mtoto wa miaka 12 ni mdogo mno kupelekwa bweni. Mzazi anaponea gharama za sanduku, godoro, nauli na karo ya malazi. Lakini walimu waliofunzwa kwa ngazi ya sekondari, pamoja na vifaa vyao, walikuwa upande wa pili wa ua. Walimu waliambiwa waruke, wakaruka. Maabara, maktaba na karakana hazina miguu, zilibaki zilipokuwa.

Jopo hilohilo lilishauri pia masomo yapunguzwe kutoka 14 hadi tisa. Sayansi ya Kompyuta na Masomo ya Biashara yakaingizwa ndani ya Stadi za Awali za Ufundi, na Sayansi Kimu ikaungana na Kilimo. Kwa mwanafunzi, begi lilipata nafuu. Kwa mwalimu, kilichopungua ni idadi ya majina kwenye ratiba. Aliyepewa Stadi za Ufundi sasa atafundisha uchoraji wa kiufundi wiki moja, kompyuta wiki nyingine, na uwekaji hesabu za biashara wiki itakayofuata, na huenda yeye mwenyewe alisomea Jiografia.

Mwanzo usio na safari

Zamani mtoto alijua amevuka kwenda sekondari. Ilikuwapo barua ya kuitwa shuleni, sanduku la bati lenye kufuli, ndoo iliyoandikwa jina kwa rangi, na mzazi aliyemsindikiza hadi kituo cha basi akimsomea wosia njia nzima. Alipofika alikuwa mgeni, na ugeni huo ulimfunza nusu ya mambo kabla ya mwalimu kufungua kinywa.

Mtoto wa Gredi 7 wa leo anapitia lango lilelile. Mlinzi ni yuleyule, mwembe ni uleule, na mdogo wake wa Gredi 3 anamchungulia dirishani. Tofauti ni kwamba badala ya kukata kushoto kuelekea darasa la mwaka jana, anakata kulia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwalimu ni kuunda kizingiti pasipokuwa na mlango. Shule nyingi hutumia sare: wavulana huvua kaptula na kuvaa suruali ndefu, wasichana hubadilishiwa rangi ya sketi, na tai huongezwa hata penye joto la kuivisha maembe. Wazazi hulalamikia gharama, na wana haki. Ila mvulana aliyevaa suruali ndefu kwa mara ya kwanza hutembea tofauti, na mwalimu mwerevu huutumia mwendo huo kabla haujazoeleka.

Kizingiti kingine ni jina. Mwalimu mgeni mbele ya darasa la watoto 60 huko Magarini au Kaloleni atagundua upesi kwamba daftari la mahudhurio halimsaidii. Wamijikenda huwapa watoto majina ya babu na nyanya zao, na majina hayo huzunguka vizazi hadi vizazi. Akiita "Kahindi", wanasimama watatu. Akiita "Kadzo", wanageuka wanne. Hana budi kujifunza jina la baba pamoja na la mtoto: Kahindi wa Charo, Kahindi wa Karisa, Kahindi wa Katana. Walimu wazoefu huifanya kazi hii siku tatu za kwanza na hawakubali iwapite, kwani mtoto wa umri huu akiitwa kwa jina la mwenziwe mara mbili, ya tatu haitiki. Si utundu. Ameshaamua kwamba hajulikani.

Hata maamkizi yanampa mwalimu habari. Aingiapo Gredi 7, darasa zima huruka wima na kuimba salamu kwa sauti moja, kama walivyozoezwa tangu chekechea. Gredi 8 husimama, lakini sauti zimepishana. Gredi 9 wengine hujiinua nusu, mkono mmoja ukiwa bado juu ya dawati. Anayedhani hao wa mwisho wamemkosea adabu ataanza mwaka kwa ugomvi. Anayejua umri wao atawasalimu, atasubiri, na wataketi wenyewe.

Kisha kuna kengele. Kipindi cha Gredi 4 hadi 6 ni dakika 35. Cha sekondari msingi ni dakika 40. Masomo yakianza saa 2:20 asubuhi, vipindi viwili vya wadogo huisha saa 3:30 na vya wakubwa saa 3:40. Kwa dakika kumi uwanja umejaa kelele za mapumziko huku mwalimu wa Hisabati akijaribu kumalizia mfano wa mwisho ubaoni, na darasa lake limegeuza shingo dirishani. Shule nyingine hununua kengele ya pili. Nyingine humteua kiranja mwenye saa ya mkono apite mlango hadi mlango. Nyingine hukata shauri wote wafuate kengele ya wadogo, na kila kipindi cha sekondari msingi kikapoteza dakika tano. Zidisha tano hizo kwa vipindi 40: ni dakika 200, sawa na vipindi vitano vizima kila wiki. Ndivyo vipindi vyote vya Hisabati vya wiki hiyo.

Usalama katika maabara isiyokuwepo

Mada za kwanza za Sayansi Jumuishi katika Gredi 7, baada ya utangulizi wa somo, ni usalama katika maabara na kisha vifaa vya maabara. Mwandishi wa mtaala hakukosea. Mtoto sharti ajue hatari kabla hajashika asidi. Lakini mwalimu aliyesimama katika chumba kilichokuwa cha darasa la nane, chenye ubao, madawati na picha ya ramani ya Kenya iliyochakaa pembeni, atafundisha kanuni za kuingia mahali ambapo hapana mlango wa kuingilia. Usikimbie ndani ya maabara. Usionje kemikali. Funga nywele ukiwa karibu na moto. Watoto wanaandika. Anachora kichomeo cha Bunsen ubaoni na kuonyesha kwa mshale tundu la hewa. Mkono mmoja unainuka nyuma: "Mwalimu, hicho kina ukubwa gani?" Anapima kwa viganja hewani.

Hapa ndipo umahiri wa kazi hii unapoonekana. Muhula ukifika kwenye asidi na besi, hawezi tena kupima hewani. Watoto wanaambiwa waje na limau, siki ya dukani, magadi na majivu ya jikoni. Petali nyekundu za ua lililo kando ya ofisi huchumwa, hupondwa kwa jiwe safi na kulowekwa katika maji moto hadi yageuke rangi. Chupa za maji zilizokatwa shingo ndizo bika. Tone la limau likiingia, maji hugeuka rangi upande mmoja. Maji ya majivu yakiingia, hugeuka upande mwingine. Darasa hupiga kelele hata mwalimu wa jirani akaja kuuliza kulikoni. Kemia wameiona, na kwa senti chache tu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba ubunifu huo unafuta deni. Majivu yanaweza kufundisha besi. Hayawezi kufundisha hadubini. Kila saa ambayo mwalimu anatumia kutafuta chupa ni saa iliyochukuliwa kutoka kwa kusahihisha, na mwenye vipindi 33 hana saa nyingi za kutafuta chupa. Ubunifu wa walimu umesifiwa sana katika miaka hii. Mwenye kuusifu aulize pia unalipiwa na nani.

Umri wa katikati

Miaka 12 hadi 15 ni umri ambao mwili unautangulia moyo. Januari ndipo mabadiliko yanapoonekana wazi, kwa kuwa likizo ndefu ya Novemba na Desemba imepita katikati. Mvulana aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono kusoma kwa sauti sasa anainama, kwa sababu sauti yake imeanza kumsaliti katikati ya sentensi. Mwalimu wa Kiswahili asiyejua atamlazimisha; darasa litacheka, na mvulana huyo hatasoma tena hadi muhula wa pili. Anayejua atampa kazi ya kuandika ubaoni kwanza.

Msichana aliyefunga sweta kiunoni katika joto la kaskazi hahitaji kuulizwa swali mbele ya wenziwe. Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa mwaka 2017 ikaitaka serikali iwape sodo bure wasichana waliobalehe wanaosoma katika shule za umma. Panapokosekana akiba, mwalimu wa kike huweka pakiti mbili kwenye droo yake. Na kama walimu wote wanne wa sekondari msingi ni wanaume? Hapo atatafutwa madamu wa Gredi 2, aliyemjua msichana huyo tangu akiwa hajaweza kufunga kamba za viatu.

Huyu madamu wa Gredi 2 hatajwi katika mijadala mikubwa. Tangu 2023 gumzo limekuwa juu ya mvutano: vijana wenye shahada upande mmoja, wakongwe wenye cheti cha P1 cha ualimu wa shule za msingi upande mwingine, chumba kimoja cha walimu, chai moja, na nani amwamrishe nani. Mvutano upo. Lakini mwalimu kijana anayefungua mwaka kwa busara huenda kwake kabla hajaenda kwa mtu mwingine. Kwake atajua nani analelewa na nyanya, nani huja bila kula, nani hakuzaliwa mkaidi bali amefiwa na mama Agosti iliyopita. Taarifa hizo haziko katika mfumo wowote wa data wa wizara.

Nani bosi, na chaki ni ya nani

Wengi wa walimu hawa waliingia kazini kwa mlango mwembamba. Serikali ilipohitaji walimu kwa haraka mwaka 2023, maelfu walichukuliwa kama wanagenzi, kwa mkataba wa muda na posho ya Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Shahada walikuwa nazo, usajili wa Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) walikuwa nao, na vipindi walivyopewa havikuwa vya kinagenzi. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba mpango huo ulikiuka haki zao. Mwezi uliofuata, muhula wa pili ulipofunguliwa, wengi waligoma na madarasa yakakaa bila walimu. Hatimaye 46,000 waliingizwa katika ajira ya kudumu kuanzia Januari 2025.

Ajira ya kudumu ilibadilisha namna ya kuanza mwaka. Mwanagenzi hupanga muhula; aliyeajiriwa hupanga miaka mitatu. Anaweza kuichukua Gredi 7 akijua ataifikisha Gredi 9. Anaweza kupanga nyumba karibu na shule badala ya kulala kwa binamu mjini na kudandia bodaboda alfajiri.

Lililobaki ni uongozi. Mwanafunzi wa Gredi 6 ametengewa na serikali Sh1,420 kwa mwaka. Akivuka kwenda Gredi 7 anakuwa na mgao wa Sh15,042. Fedha hizo zinaingia katika shule moja, zinasimamiwa na mwalimu mkuu mmoja, lakini haziruhusiwi kuchanganywa. Shilingi zinapochelewa, na huchelewa, wiki ya kwanza hupita kwa maswali madogo yenye uchungu mkubwa. Sanduku hili la chaki ni la upande gani? Mashine ya kunakili ikiisha wino, nani anunue? Walimu wa sekondari msingi wamedai kwa muda mrefu wapewe uongozi wao wenyewe. Wizara imechagua njia ya shule jumuishi: mkuu mmoja, na chini yake naibu wa msingi na naibu wa sekondari msingi. Mabango mengi malangoni yamekwisha kupakwa rangi upya. Kugawa chaki kunachukua muda zaidi ya kupaka rangi.

Njia huchaguliwa na nani

Mwishoni mwa 2025 kundi lile la kwanza, zaidi ya wanafunzi milioni 1.1, lilifanya mtihani wa kumaliza sekondari msingi, KJSEA. Januari 2026 likaingia Gredi 10. Sasa walimu wanajua mwisho wa safari unafananaje, na kwa mara ya kwanza wanaanza mwaka wakiwa na kitu cha kulinganisha nacho.

Alama za mwisho hukusanywa kutoka sehemu tatu: asilimia 20 kutoka tathmini ya Gredi 6, asilimia 20 kutoka tathmini zinazofanywa shuleni katika Gredi 7 na 8, na asilimia 60 kutoka mtihani wenyewe wa Gredi 9. Maana yake ni kwamba mtoto wa Gredi 7 hana mwaka wa kupumua. Kazi za mradi atakazopewa na mwalimu ambaye hajalijua jina lake vizuri zitaingia katika hesabu ya mwisho. Na mwalimu huyo ndiye atakayezisahihisha na kuziingiza katika tovuti ya Baraza la Mitihani (KNEC), mara nyingi kwa bando la simu yake mwenyewe.

Baada ya hapo mtoto huelekezwa katika mojawapo ya njia tatu: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; ya sayansi za jamii; au ya sanaa na spoti. Wazazi wameambiwa kwamba mtoto atachagua kwa kufuata kipaji na mapenzi yake. Ni ahadi njema, lakini turudi kwenye karatasi ya manila. Shule ambayo Hisabati imefundishwa miaka mitatu na mwalimu wa somo jingine, ambayo Sayansi Jumuishi imeishia ubaoni, na ambayo Stadi za Ufundi ziliwekwa kipindi cha nane Ijumaa kwa sababu hazikuwa na mwenyewe, imekwisha kumchagulia mtoto njia. Ilimchagulia wiki ya kwanza ya Gredi 7. Fomu atakayojaza akiwa Gredi 9 itathibitisha tu uamuzi uliofanywa kwa penseli.

Kwa hiyo dawa iko mapema, kabla ya mitihani na kabla ya fomu. Walimu wagawanywe kwa masomo waliyosomea, na si kwa idadi ya vichwa pekee. Shule yenye wanne wa Kiswahili na shule ya jirani yenye wanne wa Hisabati zote zina upungufu, ijapokuwa kwenye takwimu zimetosheka. Uhamisho ufanyike Desemba, si katikati ya muhula wa kwanza baada ya ratiba kukauka. Shule ya sekondari yenye maabara, iliyo umbali wa kutembea kwa miguu, itengewe alasiri moja kwa wiki iwapokee wanafunzi wa Gredi 8 na 9 wa jirani, na mtu wa maabara alipwe kwa saa hizo. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji sheria mpya.

Wazazi nao wana sehemu yao. Katika mkutano wa kwanza wa mwaka, maswali mengi huwa ni juu ya sare, chakula cha mchana na michango. Yaulizwe. Lakini kabla mkutano haujafungwa, mzazi mmoja asimame aombe ratiba iletwe, isomwe somo baada ya somo, na kwa kila somo litajwe jina la mwalimu na alichosomea. Pale ambapo hakuna jina, au jina lilelile limetajwa kwa mara ya tano, mkutano utakuwa umepata ajenda yake. Barua ya kuomba mwalimu, ikiandikwa Januari na kutiwa saini na wazazi wote wa Gredi 7, ina uzito ambao malalamiko ya Desemba juu ya matokeo hayajawahi kuwa nao.